Daktari Aliyelala Mkekani

Ukimuuliza mtu yeyote wa Nachingwea ambaye amewahi kuanguka kifafa, au aliyewahi kulea anayeanguka, atakusimulia habari za mkeka kabla hajafika kwenye habari za dawa. Mkeka wenyewe haukuwa na ajabu. Ulikuwa wa ukindu, umefumuka pembe moja, umetandikwa kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha kliniki ya kifafa, kati ya meza ya Daktari na benchi la wagonjwa. Wageni walidhani ni wa kuswalia, wakavua viatu kwa heshima. Daktari aliwaacha wavue, maana muda si mrefu mmoja wao angelala juu yake na kuanza kutikisika.

Kanuni yake ilikuwa fupi: aliyesikia akae nje, aliyeona alale chini. Hakutaka kusimuliwa kifafa, alitaka kuonyeshwa. Aje mama, au kaka, au mke, yeyote aliyekuwepo mgonjwa alipoanguka, ajilaze mkekani na aanguke vile vile: jicho liligeukia wapi, mkono upi ulianza, sauti gani ilitoka, na alipozinduka alifanya nini. Alisema mgonjwa wa jino anakuonyesha jino, lakini mgonjwa wa kifafa ni kama mtu aliyeibiwa usingizini. Ukitaka kujua mwizi alipitia dirisha gani, muulize aliyekuwa macho. Kifafa si kimoja, na dawa ya huyu si ya yule. Mashine za kusoma umeme wa ubongo ziko mbali na sisi, na hata wale aliowapeleka Dar es Salaam kupimwa aliwapeleka baada ya mkeka, si kabla.

Habari za alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sizijui. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kuniuliza zangu. Swali lake la kwanza kwangu, kabla hata ya jina, lilikuwa jana nililala saa ngapi.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mtu wa kujipenda. Viatu vyake vilipigwa rangi mpaka vumbi la mji huu likawa linaviogopa. Shati lilikuwa jeupe na limenyooshwa hata siku ambazo mji mzima hauna umeme, jambo ambalo wauguzi walilijadili sana bila kupata jibu. Nywele alizichana kwa maji. Ukimkuta sokoni ungedhani ni karani wa zamani wa benki anayetafuta vitunguu visivyo na doa. Na mtu huyo ndiye aliyelala chini kuliko sisi wote. Alikuwa akivua viatu anaviweka sambamba, visigino vikigusa ukuta, anatoa kalamu mfukoni asije akajichoma, halafu anajilaza taratibu na kuanguka kifafa cha mtu mwingine kwa ustadi uliotutia hofu.

Mimi nilifika kwake nikiwa nimeshatolewa shule. Kwetu ni Narung'ombe, upande wa Ruangwa, na nililelewa na Bibi, mzaa mama. Nilianza kuanguka nikiwa kidato cha pili, mara ya kwanza paredi, asubuhi, mbele ya shule nzima. Tulipewa dawa sehemu nyingine, dawa nzuri inayowasaidia wengi, na mimi nikazidi kuanguka. Ndipo Mjomba akatoa neno. Kwetu sisi Wamwera baba anazaa, lakini mjomba ndiye mwenye kauli, na kauli yake ilikuwa kwamba mtoto huyu aache shule, asipike, asiende kisimani, akae nyumbani atulie. Mimi nilikuwa napenda hesabu kuliko chakula. Niseme ukweli: kifafa kilikuwa hakinitishi kama kule kukaa.

Siku ya kliniki tuliondoka nyumbani kukiwa bado na giza, Mjomba mbele na koti lake, Bibi na mimi nyuma. Tulipoingia, Daktari aliuliza nani ameona. Mjomba akajibu yeye, akaanza kueleza tangu mwanzo, pamoja na sababu, dalili na watu anaowashuku. Daktari alimsikiliza kwa adabu bila kumkatiza. Alipomaliza akamuuliza kama hayo yote aliyaona kwa macho yake. Mjomba akasema alisimuliwa na dada zake. Daktari akamwomba radhi, akamwambia nje kuna benchi zuri lenye kivuli. Sikuwa nimewahi kuona mtu akimtoa mjomba wangu chumbani, na nilishusha macho ili asinione ninavyofurahi.

Akabaki Bibi, na Bibi aligoma.

"Mwanangu, ugonjwa huu hauigizwi," alisema. "Ukiuiga umeuita."

Hilo halikuwa la Bibi peke yake. Huku kwetu ndivyo watu walivyokuta: kifafa hakiigwi hata kwa utani, na mtoto akijitikisa mchezoni anapigwa kofi kabla hajamaliza. Kumwambia bibi wa Narung'ombe ajilaze na kutikisika ni sawa na kumwambia afungue mlango usiku na kumkaribisha asiyemjua. Daktari hakucheka, wala hakumwambia kwamba hizo ni imani potofu. Alivua viatu, akaviweka sambamba, akalala mkekani.

"Mimi nimekiita miaka yote hii, mama," alisema akiwa chini pale pale, anatazama dari. "Hakijaja. Nadhani hakisikii."

Akaanguka kifafa cha mtu fulani, akainuka, akajipangusa, akavaa viatu. Bibi alimtazama kwa muda. Halafu akasema Bismillahi, akakaza kanga kiunoni, akaenda mkekani. Lakini kwanza hakulala. Alikaa kitako, akashika kikombe ambacho hakikuwepo, akakipeleka mdomoni, na ghafla mabega yakamruka na kikombe kikamtoka. Akakiokota. Kikamtoka tena. Ndipo akaanguka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikajiona.

Daktari alimwambia arudie habari ya kikombe. Bibi akasema hicho siyo kifafa, huo ni uzembe wangu wa asubuhi; nimemaliza vikombe vya nyumba nzima na kunichapa ameshachoka. Daktari alipiga goti pale mkekani karibu yake na kumwambia kwamba uzembe huo ndio kifafa chenyewe, na kule kuanguka ni mkia tu. Kuna aina ya kifafa inayowapata wasichana na wavulana wa umri wangu, inawarusha mikono asubuhi wakiamka, hasa wakiwa hawakulala vya kutosha, na dawa niliyokuwa nameza, nzuri kwa wengine, kwa aina hii inaweza kuchochea badala ya kutuliza. Hakuna aliyewahi kutuuliza habari za vikombe. Na sisi tusingezisema, maana nani anakwenda hospitali kushtaki kikombe?

Mimi nilikuwa nalia. Nilimuuliza, "Ndivyo ninavyokuwa?"

"Ndivyo unavyokuwa kwa dakika chache," alisema. "Muda wote mwingine unakuwa hivi, umekaa unauliza maswali. Huo ndio mrefu."

Baada ya hapo alitoka nje akaketi benchini na Mjomba, bega kwa bega, na hakutaja habari ya shule hata kidogo. Alimwomba msaada. Alisema dawa mpya ataiingiza polepole huku ile ya zamani ikipungua, lakini dawa haitafika mbali kama mtoto halali, na katika ukoo usingizi wa mtoto hauwezi kulindwa na mtu asiye na kauli. Mjomba alirudi Narung'ombe akiwa mlinzi wa usingizi wangu. Alifukuza redio za jirani. Wakati wa ngoma za unyago alisimama mlangoni kwetu, na wapiga ngoma wakahamia upande wa pili wa kijiji wakimsonya. Vikombe viliacha kuvunjika, muhula mpya ukafika, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyenirudisha shule, akimwambia mwalimu mkuu maneno ya Daktari kana kwamba ni yake. Bibi aliishi miaka mingi baada ya siku ile na hakuwahi kuanguka, ukiacha mara moja alipoteleza kisimani na kumlaumu aliyemwaga maji.

Ndiyo maana sina subira na watu wanaosema Daktari alikuwa mpole. Hakuwa mpole, alikuwa na mpango. Kuna wanaume waliokuja kliniki kuuliza kama mke mwenye kifafa anarudishwa kwao. Hao aliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha akawapa kazi ya kuhesabu vidonge vya mke. Kuna duka moja la dawa lililokuwa linauza vidonge vichache vichache, visivyotosha dozi, kwa watu wasiokuwa na nauli ya kufika kliniki, na alikwenda kusimama kaunta pale na shati lake jeupe mpaka mwenye duka akafunga kwa aibu. Lakini mganga wa kienyeji mmoja wa njia ya Ruangwa alikuwa rafiki yake. Walikunywa chai pamoja. Nilimuuliza inakuwaje, akasema yule mzee akipata mgonjwa anayeanguka humpa dawa yake na kumwagiza aende kliniki pia, na mtu anayemletea wagonjwa yeye hamtukani.

Waliokuja na makovu ya moto aliwaanza wao. Muuguzi alikuwa akifungua mlango tu anasema wa moto watangulie, na watu walitii ingawa wengine walikuwa wamefika mapema kuliko wao. Kwetu inasemekana kifafa kikishapita motoni hakiponi tena, kwa hiyo anayeangukia mafigani akaungua huachwa. Ndugu wanaona wamechelewa. Daktari aliwaweka mbele ili benchi zima liwaone wakiingia, na baada ya miezi liwaone wakija wenyewe, peke yao, wakiwa na soda mkononi. Hakuhubiri kabisa juu ya jambo hilo. Nyumbani kwao aliagiza mafiga yainuliwe kwa udongo mpaka kiunoni, na akipita kijijini aliingia majikoni bila kubisha kuangalia kama yameinuliwa, akiwashangaza akina mama wanaosonga ugali.

Utafiti nao aliufanya kwa namna yake. Walikuja vijana kutoka chuo, wana vishikwambi, wanapita nyumba hadi nyumba Narung'ombe na kwingineko kuuliza kama katika kaya kuna mwenye kifafa. Kila mlango uliwajibu hakuna. Wakarudi mjini wamefurahi kwamba wilaya ina afya. Mimi wakati huo nilikuwa likizo, na nikachukuliwa kuwaongoza njia, kwa hiyo nilikuwepo Daktari alipowakalisha na kuwaambia wamebisha hodi kwenye milango sahihi na swali la mlango mwingine. Aliwabadilishia. Wakarudi kwenye nyumba zile zile wakauliza: nani hapa hapandi juu ya mkorosho? Nani haendi kisimani peke yake? Nani hapikishwi? Na nani huvunja vikombe asubuhi? Hilo la mwisho aliliongeza akinitazama mimi.

Watu walijibu bila hata kujua kwamba wamejibu. Bibi mmoja alisema mwanawe hapandi mkorosho kwa sababu ni mvivu, na uvivu wake unakuja na povu mdomoni. Kutoka vyumba vya nyuma walianza kutoka watu ambao hata mimi, mwenyeji, sikuwa najua wapo. Matokeo yalipokuwa tayari, Daktari aliwakatalia wale vijana kuondoka nayo kabla hayajasomwa darasani pale shule ya kijiji, mbele ya walioulizwa, kwa Kiswahili, na palipokuwa na wazee wasiokifuata Kiswahili, kwa Kimwera. Alisema huwezi kumwomba mtu habari za nyumbani kwake halafu akazisikie kwa wengine.

Katika dini hakujiingiza, na hakuiogopa. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kusali mstari wa nyuma. Ramadhani yangu ya kwanza chini ya dawa nilimuuliza kama nifunge. Alisema kunipa ruhusa ya kutofunga si kazi yake. Kazi yake ni kuniambia kwamba nikiamka daku kila siku bila kufidia usingizi nitaanguka, na niende kwa sheikh nimweleze vivyo hivyo, bila kupunguza neno. Nilikwenda. Sheikh aliniambia mwili huo nimekabidhiwa, sikupewa niuvunje, kisha akaomba namba ya simu ya Daktari kwa ajili ya waumini wengine. Nilipoolewa, Daktari ndiye aliyemwambia mume wangu kwamba siku tukitaka mtoto tufike kliniki kabla, si baada, kwa sababu dawa nyingine hazifai kwa mwenye mimba. Tulifika kabla. Binti yangu ana akili kunizidi na hakuna kikombe alichovunja ambacho hakukikusudia.

Sasa nifike kwenye ubaya wake, maana mtu asiye na ubaya sijui kumsimulia. Kila mgonjwa alimeza kidonge cha kwanza mbele yake. Alisukuma bilauri ya maji mezani na kusema, "Meza nikuone." Alisema kidonge kilichoko mfukoni kinatibu mfuko. Na mtu huyo huyo alikuwa na presha, alijua ana presha, alikuwa na dawa za presha kwenye droo ya meza ile ile, na hakuzimeza. Muuguzi alimkumbusha, akasema kesho. Mkewe alimfungia kwenye karatasi pamoja na chapati, alikula chapati. Alituhubiria usingizi sisi wote, na yeye akalala kidogo kuliko mlinzi wa ghala la korosho. Nilimwambia mara moja kwamba anatuchezea. Alicheka, akasema mganga hajigangi, nami nikamjibu kwamba methali hiyo haikutungwa ili iwe ruhusa.

Alipostaafu alihamia kijijini Mtua, kwenye mikorosho yake, na kwa bahati nami nilikuwa nimepangiwa kufundisha shule ya msingi huko huko. Nafundisha hesabu. Kiharusi kilimpata mwaka wa pili wa kustaafu kwake, alipokuja mjini wakati wa mnada wa korosho, mbele za watu. Alianguka, akanyanyuliwa, akalazwa, akapona vizuri kuliko tulivyotegemea, ila mkono wa kushoto ukabaki mzito. Lakini mji ulikuwa umeshaona jambo moja tu: Daktari wa mkeka ameanguka. Maneno yakatangulia kufika kuliko gari la wagonjwa. Sikumlaumu aliyeyaanzisha, maana hata Bibi angekuwa hai angesema hivyo hivyo: alikiita miaka yote, sasa kimemsikia.

Nilikuwa namtembelea Jumamosi. Msimu huu, asubuhi moja, nilimkuta barazani anachambua korosho, mkewe amekwenda kusali jumuiya. Tulikuwa tunazungumza habari za bei. Nikaona kidole gumba cha mkono wa kushoto kinacheza, kama kinahesabu kitu. Kikafuata kiganja, kisha mkono wote, mdomo ukavutwa upande ule ule, macho na kichwa vikageuka kushoto, akatoka kwenye kiti. Nilisogeza kiti na beseni, nikamgeuza ubavu, nikamkunjia kanga yangu chini ya kichwa, sikumtia kitu mdomoni, nikatazama saa. Vyote hivyo alinifundisha yeye.

Alipozinduka hakunitambua kwa muda, na alipotambua alisema amesinzia. Nilimwambia hakuna mtu anayesinzia akianzia kwenye kidole gumba. Akakubali kwamba si mara ya kwanza, mkewe anajua, na ameapishwa asiseme. Kliniki hakwenda. Nikamuuliza sababu.

"Nikikaa kwenye lile benchi mji mzima utasema nini?" aliuliza.

"Utasema ulikiita. Umeshasema."

"Basi. Na nani atalala tena?"

Hapo nilielewa hakuwa anaona aibu ya ugonjwa. Alikuwa analinda mkeka. Alijua, kama nilivyojua, kwamba tangu kile kiharusi akina mama walikuwa wameanza kugoma. Yule daktari kijana aliyerithi kliniki, binti mmoja makini ambaye Daktari mwenyewe alimfundisha, alikuwa amekunja mkeka na kuusimamisha nyuma ya mlango, akawa anaomba watu walete video za simu. Video zililetwa. Lakini mtu akitoa simu mfukoni mwenzake ameshaanguka, mwanzo hauonekani. Simu haijui habari za kikombe.

Nilikasirika, na sikuificha hasira yangu. Nilimwambia ametufundisha wote kutojificha, na sasa yeye amejificha Mtua akituacha tumtetee kwa watu bila ushahidi. Nilimwambia yeye ndiye aliyewahi kunieleza kwamba kiharusi huacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo humwangusha mtu baadaye, wala si mwito. Na kiharusi kilitoka wapi? Kilitoka kwenye droo. Hakuna aliyeita kitu. Aliokota korosho moja, akairudisha. Nilimwona anazeeka pale pale mbele yangu, na iliniuma sana.

"Nani ameniona?" aliuliza mwishowe.

"Mimi."

"Basi utalala wewe."

Siku ya kliniki tulikwenda watatu, yeye na mkewe na mimi. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni na nilivaa gauni langu la siku za paredi. Baraza lilikuwa limejaa, watu wa mjini na wa vijijini, wengine wametoka Ruangwa. Daktari alikuwa na shati jeupe na viatu vinavyong'aa, kimoja amefungwa kamba na mkewe. Wakampisha aingie ndani. Hakuingia. Aliketi benchini na wagonjwa, na daktari kijana alipotoka kumsalimu shikamoo, Daktari aliitikia marahaba, akamwomba alete mkeka, autandike pale barazani.

Daktari kijana alinitazama. Akaingia, akatoka nao, akautandika. Kisha akauliza kama anavyopaswa kuuliza, kwa sauti ya kusikika: "Nani ameona?"

Nilivua viatu. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akisema huyu naye si anaanguka, anataka kujiongezea? Nikakaa kitako, nikashika korosho ambayo haikuwepo. Nilianza na kidole gumba. Nilikwenda polepole kama Bibi, kwa mpangilio, gumba, kiganja, mkono, mdomo, macho, na daktari kijana alipiga magoti karibu yangu akiuliza upande gani, kwanza nini, nami nikirudia. Nilikuwa nimelala sakafuni mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na sikuona haya hata kidogo. Nilipomaliza nikainuka, nikakung'uta gauni. Daktari alikuwa ananitazama na machozi yanamtoka, hayafuti.

"Ndivyo ninavyokuwa?" aliniuliza.

"Kwa dakika chache," nilisema. "Muda wote mwingine unakuwa hivi, unatuamrisha."

Alicheka, na baraza likacheka naye, kwa woga kwanza. Ndipo akaegemea bega la mkewe, akasimama, akawaambia watu maneno machache ambayo sikuwahi kudhani yatamtoka. Alisema alipewa dawa za presha na hakuzimeza. Alisema hakukiita kifafa, alipuuza dawa, na anayetaka kumcheka amcheke kwa hilo, maana hilo ni la kweli. Kisha akaketi. Daktari kijana aliingia ndani, akarudi na bilauri ya maji na kidonge kwenye kiganja, akamsogezea.

"Meza nikuone," alimwambia, kwa adabu zote.

Akameza. Mwisho wa benchi alikuwa ameketi bibi mmoja wa vijijini, mjukuu amemlalia mapajani, kovu la moto mkononi mwa mtoto bado halijakauka vizuri. Alikuwa ameshika simu ambayo nadhani aliazimwa. Aliizima, akamkabidhi jirani yake mtoto, akavua ndala zake na kuziweka sambamba ukutani.